Hatua Arobaini na Moja

Fomu inasema: taja kabla ya kurusha,
si baada, ukishaona upepo umekupeleka wapi.
Kwa hiyo Arlo Tveit, saa tatu asubuhi,
mkono mweusi kwa grisi ya winchi,
anatangaza mbele ya shahidi na ng'ombe wa jirani:
"Hadi ghala la nafaka la Nordby.
Kilomita kumi kwenda, kumi kurudi.
Bila injini."

Bi Delphine Brandvold anaandika saa na dakika.
Miaka thelathini na sita alifundisha hesabu hapa Dakota Kaskazini
na hakuna aliyewahi kuonjeshwa nusu alama ya huruma.

Mimi dereva tu. Fomu hainitaji.
Kazi yangu pikapu, mwendo wa baiskeli,
na kutokanyaga breki ghafla,
maana nyuma, kwenye kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba,
mjomba ameketi, shingo imepinda, uso juu,
rimoti kifuani kama mtoto anayenyonya.

Kugonga paa mara moja: polepole.
Mara mbili: simama.
Mara tatu hatukuwahi kuizungumzia.

Ndege ilivutwa, ikajifungua kambani, ikanyamaza.
Mabawa ya mita nne, mekundu upande wa chini
ili macho ya uzee yasiibiwe na wingu.
Ukiifuata ndipo unapojua uwanda huu si tambarare:
una vilima vya hewa visivyoonekana.
Juu ya barabara ya changarawe hewa hupanda.
Juu ya bwawa la Haugen hushuka
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Juu ya alizeti, usiulize. Hubadilika kila dakika.
Tukakuta mwewe anazunguka, tukazunguka naye,
mwenyeji na mgeni, kila mmoja na duara lake,
hadi ndege ikawa kipande cha uzi.

Ghalani Bi Delphine alishuka,
akasimama chini ya ukuta wa bati, kiganja juu ya nyusi.
Shahidi aone kwa macho yake; kudhani si kuona.
Tukangoja. Nikasikia saa yake ya mkononi.
Kisha akainua kalamu: imepita.

Kilomita ya kumi na saba, hewa ikafa.
Si kwamba ilipungua. Ilikufa.
Juu ya kichwa changu: ko, ko, ko.

Nikasimama.

Nilimwona kwenye kioo akifungua mdomo
na kuufunga. Ndege ikageuka kutungoja,
duara moja tu,
na kila duara katika hewa mfu hulipwa kwa kimo.

Ilitua ndani ya alizeti, upande huu wa uzio,
taratibu, kama barua inayosukumwa chini ya mlango.
Kigingi chetu cha kuanzia kilionekana pale,
na kitambaa chake cha manjano. Hapo tu.

Bi Delphine akafungua kalamu.
Akatazama barabara, huku na huku.
"Arlo," alisema, "una miaka sabini na minne.
Hapa tuko watatu, na ng'ombe hawasomi."

Mjomba akamwangalia kama mwanafunzi
aliyemkuta mwalimu akiiba chaki.
"Pima," akasema.

Akapima. Fomu inataka hatua kumi na tano.
Alihesabu kwa sauti kati ya mabua,
mbegu zikimwingia viatuni,
akaandika arobaini na moja,
tarakimu zake nzuri zilizonyooka,
na mstari wa saini akauacha mweupe.

Tulirudi bila redio. Mabawa yalilala kati yetu
yamevingirishwa blanketi la farasi.
Nilitaka kusema. Nilitaka aseme.
Karibu na daraja akaligonga dashibodi kwa ukucha,
ko, ko, ko,
macho yake yako dirishani, juu, kule kwenye mawingu ya alasiri.

"Jumamosi," alisema,
"hiyo maana yake ni twende."